Kilima cha Kuteleza

Katika ofisi za manispaa na katika mtaa mzima wa chini, mhandisi yule aliitwa Bwana Ukuta, na jina lenyewe hakulichukia hata kidogo. Alilipata kihalali. Miaka kumi na tisa nyuma mto ulifurika ukaingia majumbani, ukabeba magodoro, milango, mbuzi na watu wanne, na yeye, wakati huo bado ana nywele, ndiye aliyepewa kazi ya kuhakikisha jambo hilo halijirudii. Akajenga ukuta wa zege kando ya mto, mwanzo wa mtaa mpaka mwisho wake, kimo chake kikimpita mtu mrefu kwa kichwa kizima. Tangu siku hiyo maji hayakuvuka. Akina mama walimsalimia kwa mikono miwili, na mwenye bucha alimkatia mnofu bila kumchanganyia mfupa.

Kitu ambacho hakukitia kwenye hesabu ni kwamba ukuta haukuzuia maji peke yake. Watoto waliozaliwa baadaye waliujua mto kwa harufu na kwa sauti, kama mtu anavyomjua jirani mgomvi wa chumba cha pili. Wenye nyumba za mwisho waliziba madirisha ya nyuma kwa matofali. Takataka zilirushwa juu ya ukuta, na chochote kilichoangukia upande ule kilihesabiwa kuwa kimefika mwisho wa dunia. Kati ya ukuta na nyumba kulibaki ukanda wa ardhi, makazi ya magugu, matairi na mbwa wasio na mwenyewe.

Ndipo baraza la manispaa likaamua ukanda ule ufanywe uwanja wa watoto. Bwana Ukuta aliposikia hakushtuka. Alidhani ataletewa mchoro wenye bembea mbili na uzio wa waya, apige muhuri, mambo yaishe. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu, na hakuwa na haja ya kutafutana ubaya na mtu.

Aliyekuja kwake alikuwa msanifu, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu wengine wanyamaze ndipo waisikie. Siku ya kwanza aliingia ofisini na mabuti ya mpira yenye matope mabichi, na hakuwa na mchoro wowote mkononi. Alisalimia, akaulizia hali ya nyumbani, akakaa, kisha akaomba ufunguo.

“Ufunguo wa nini, dada?”

“Wa ule mlango mdogo wa chuma pale ukutani, mzee. Nataka niuone mto.”

Mlango ule ulikuwa wa wakaguzi, na Bwana Ukuta hakukumbuka mara ya mwisho ulipofunguliwa. Ufunguo ulipatikana, lakini kufuli lilikuwa limekula kutu mpaka limesahau kazi yake, ikabidi aitwe fundi wa kuchomelea wa pale mtaani alikate. Wakatoka upande wa pili, msanifu mbele na mabuti yake, Bwana Ukuta nyuma na viatu vya ofisini, akirukaruka juu ya mifuko ya plastiki kama kuku aliyekanyaga jivu la moto.

Msanifu alipima kwa futi kamba. Aliinama akachukua udongo, akausugua kwa vidole, akaunusa. Alitupa kijiti majini akahesabu kwa sauti mpaka kilipofika kwenye jiwe fulani. Kisha akaanza maswali, na Bwana Ukuta aliyajibu kwa raha, maana yalikuwa maswali ya mtu anayeijua kazi: ile siku kubwa maji yalifika wapi, yalipanda kwa saa ngapi, yalichukua siku ngapi kushuka, na msingi wa ukuta umekwenda chini kiasi gani. Swali la mwisho lilikuwa dogo tu. Aliuliza, kwa mwaka mzima, maji yanaugusa ukuta siku ngapi.

Daftari la vipimo lilikuwa ofisini, lakini jibu alikuwa nalo kichwani. “Siku tano. Mwaka ukiwa mbaya, sita.”

Msanifu akaitikia kwa kichwa, akaandika. “Basi hizo nyingine mia tatu na kitu,” alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayejumlisha tu, “ukuta unazuia watu.”

Bwana Ukuta alirudi nyumbani na neno hilo limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alimsimulia mkewe, ambaye alikuwa mfamasia na hakuwa na desturi ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alitarajia kupewa pole. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo, kisha akauliza kama hesabu ya yule dada ilikuwa na kosa. Haikuwa na kosa.

“Basi mume wangu umekasirikia hesabu,” mkewe alisema, akampa rundo la mashuka ayapeleke kabatini.

Kwa miezi miwili msanifu hakuchora hata mstari. Wakubwa wa baraza walianza kunong'ona, maana waliona mtu analipwa kwa kukaa. Na kweli alikuwa anakaa. Alikaa nje ya duka la kinyozi saa za watoto kutoka shule, akaandika wanapita wapi na wanasimama wapi. Alikaa kwenye veranda ya zahanati, ambako wasichana walirukia kamba kwa kuwa ndipo palipokuwa na sakafu laini peke yake mtaani. Bwana Ukuta, aliyeanza kupita huko kwa kisingizio cha kukagua mitaro, siku moja aliomba kuliona lile daftari. Alikuta vipimo ambavyo hakuwahi kuviona katika maisha yake ya kazi: urefu wa mkono wa mtoto wa miaka mitatu, upana wa hatua ya mtoto wa miaka mitano, umbali ambao mtoto wa minane anaweza kuruka akiwa amevaa ndala na akiwa hana ndala. Msanifu alikuwa amewapima watoto zaidi ya sitini, mmoja mmoja, na kando ya kila kipimo alikuwa ameandika kama mtoto alicheka au aliogopa. Bwana Ukuta alilirudisha daftari kwa mikono miwili.

Alimuuliza kwa nini asiwaite watu tu akawauliza wanataka nini.

“Wataniambia bembea, mzee,” alijibu. “Ndicho kitu walichowahi kukiona. Bembea ni nzuri, lakini haihitaji mto.”

Badala yake aliwaalika wazazi kwenye ukumbi wa shule Jumamosi moja mchana, na hakuwaomba wazungumze. Aliwaomba waonyeshe, kwa miili yao, mchezo walioupenda kuliko yote walipokuwa watoto. Watu wakatazamana, wengine wakaangalia simu. Mwisho akasimama mwenye bucha, mtu wa kilo mia na ushei, akakunja suruali mpaka magotini, akaanza kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, mawe yasiyokuwepo, mikono ameitandaza, akiuvuka mto wa sakafuni huku ameuma ulimi. Watu walivunjika mbavu. Lakini kicheko kilipoisha, mwingine alikuwa ameshapiga magoti anajenga bwawa la kufikirika, na bibi mmoja aliyeletwa na wajukuu akaonyesha jinsi yeye na dada zake walivyokuwa wakikalia jani pana juu ya ukingo uliolowa, wakateleza mpaka majini. Alipoonyesha hilo aliinua miguu yote miwili kutoka sakafuni, na wajukuu wake wakamshangaa kana kwamba wameonyeshwa mtu mwingine.

Kila aliyemaliza, msanifu alibandika karatasi ukutani. Hakutoa hotuba. Aliwaacha watu wazisome wenyewe, na wakaona kwamba karatasi karibu zote zilikuwa na maji, udongo au mawe. Bwana Ukuta alikuwa ameketi benchi la nyuma kabisa. Naye aliyaruka mawe yale utotoni, na ya kwake yalikuwa mawe ya kweli, mto huohuo. Hakusimama, lakini miguu yake chini ya benchi ilikuwa bado inaijua njia.

Ndipo akasimama mshona nguo mmoja ambaye mtaani alijulikana kwa jina la Mama Pacha. Hakupaza sauti. Alisema mmoja wa wale wanne waliochukuliwa na maji alikuwa dada yake wa kuzaliwa, tumbo moja, na kwamba kuna watu humu ndani walimsaidia kumtafuta na leo wanacheka na kuruka mawe.

“Mto hauna rafiki,” alimaliza. “Wanangu hawatakanyaga huko. Jengeni mnachotaka.”

Ukumbi uliingia baridi. Bwana Ukuta alimtazama msanifu, akingoja aseme yale wanayoyasema wataalamu, kwamba usalama umezingatiwa na kadhalika. Yeye mwenyewe angesema hivyo. Msanifu akampa pole ya taratibu, kisha akamuuliza jambo moja: je, kesho anaweza kuja pale kwenye ukanda na kiti cha plastiki?

Mama Pacha alikuja, pengine kwa udadisi, pengine ili apate la kuongeza. Alikuja na pacha wake wawili, wenye miaka sita, amewashika huku na huku kama anavuka barabara kuu. Msanifu alimwomba akae kwenye kiti chake, watoto watembee, naye aseme kila wanapofika mahali asipowaona bila kusimama. Alisema mapema mno. Kiti kikahamishwa. Akasema tena. Kikahamishwa mara sita, na kila mara msanifu alichomeka kijiti ardhini na kufunga uzi. Bwana Ukuta aliyekuwa ameshika upande wa pili wa uzi alianza kuchoka.

“Tatizo si mahali,” Mama Pacha alisema hatimaye, kwa hasira kidogo. “Tatizo ni kukaa chini. Mtu awe juu ndiyo ataona.”

Wakati huo lori la mchanga lilikuwa likipita kuelekea kwenye ujenzi wa jirani. Msanifu alilikimbilia akalipungia mkono, akazungumza na dereva, na kabla Mama Pacha hajajua kinachoendelea alikuwa amepandishwa yeye na kiti chake juu ya lundo la mchanga, kama bibi harusi. Watu wakatoka majumbani kutazama. Kutoka kule juu aliona juu ya ukuta, akauona mto kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akageuka akawaona watoto wake upande wa mtaa, akageuka tena upande wa maji. Aliwaona wote wawili na mto wote.

“Hapa,” alisema.

Msanifu akarusha futi kamba juu, Bwana Ukuta akasoma chini: mita mbili na robo, kimo cha ukuta, na shibiri juu yake.

“Lakini sijakubali,” Mama Pacha aliongeza alipokuwa anashushwa.

“Sijakuomba ukubali, mama. Nimekuomba unionyeshe pa kukaa.”

Jioni ile mchoro ulianza, na kilichochorwa kwanza kilikuwa benchi.

Ulipofika mezani kwa Bwana Ukuta, wiki tatu baadaye, aliufungua akaufunga, akaufungua tena. Msanifu alitaka ukuta ukatwe. Mita kumi na tano, katikati kabisa. Mahali pa ukuta aliweka kilima cha udongo wa mfinyanzi, ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, mgongo wake ukizidi kimo cha ukuta kwa shibiri ileile ya kwenye lori. Upande wa mtaa, kilima kilikuwa na mtelezo mpana wa saruji iliyong'arishwa, wanapoweza kuteleza watoto sita kwa pamoja na mzazi mmoja asiye na aibu. Juu, benchi refu linalotazama pande zote mbili. Upande wa mto, ngazi pana za mawe zikishuka polepole mpaka majini, na pembeni mawe ya kuruka yamepangwa kwa umbali wa hatua za kwenye daftari. Kwa maneno mengine, kilichokuwa kinazuia mafuriko ndicho kilichokuwa kinachezewa.

Bwana Ukuta aliukalia mchoro ule siku tatu, akitafuta kosa. Alipiga hesabu ya uzito wa maji, ya mteremko, ya mahali ambapo zege lingekutana na udongo, maana hapo ndipo maji hupenda kupenya. Msanifu alikuwa ameyaona yote. Siku ya tatu saa nane mchana akalipata. Mvua ikinyesha mtaani kwenyewe, maji yake yangeshuka mpaka kwenye kilima yakakwama kwa ndani, yakajaa kama beseni. Mlango wa zamani wa mfereji, uliokuwa chini ya ukuta, ulikuwa ndani ya zile mita kumi na tano. Alifurahi kiasi cha kwenda mwenyewe kwa miguu badala ya kupiga simu.

Msanifu alisikiliza, akavuta mchoro, akafuata kwa kidole njia ya maji. Kisha akachukua ufutio akafuta robo ya karatasi, kazi ya siku nyingi, akipuliza vumbi la ufutio huku anatabasamu.

“Kwa siku zote hizi nilijua kuna kitu sijakiona,” alisema. “Ahsante, mzee. Hebu nionyeshe wewe yapite wapi.” Akampa penseli.

Katika miaka thelathini ya kazi, Bwana Ukuta alikuwa amewaona wasanifu wakitetea makosa yao kama mtu anavyomtetea mwanawe mbele ya polisi. Hakuwahi kuona mtu akifuta cha kwake kwa furaha namna ile. Alivua koti, akakaa. Akachora mfereji unaozunguka kilima na kutokea kwenye mlango wa chuma wenye bawaba, unaojifungua maji ya mtaa yakisukuma na kujifunga mto ukisukuma. Alitaka kuufukia. Msanifu akauliza kama hauwezi kupita juu, waziwazi, mpana na wa kina cha kifundo cha mguu tu, wenye vibao vidogo vya kupandisha na kushusha, ili watoto wazuie maji na kuyaachia wapendavyo. Bwana Ukuta alitaka kusema haiwezekani. Akagundua kwamba mkono wake ulikuwa umeshaanza kuchora vibao.

Akautia mchoro saini. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba amesaini kukatwa kwa ukuta wake, na mkewe akamtengea chai.

Ujenzi ulichukua miezi minane. Siku ya kukata zege watu walijaa, na kipande cha kwanza kilipoanguka upepo wa mto uliingia mtaani na baridi yake. Waashi walinung'unika kuhusu mawe ya kuruka, kwa sababu msanifu alikuwa akija na watoto wa darasa la kwanza wayajaribu, na jiwe lisilorukika vizuri liling'olewa hata kama saruji imekauka. Moja liling'olewa mara nne. Fundi mkuu alilalamika kwa Bwana Ukuta, akidhani atapata mwenzake wa kulalamika naye, akaambiwa aling'oe.

Jambo la rangi lilikuwa la msanifu pia. Ngazi za chini alizipaka kijani, za kati njano, za juu nyekundu, akawaeleza watoto mara moja tu la kufanya maji yakifika kila rangi, wao wakageuza kuwa wimbo wa kurukia kamba: kijani shuka, njano panda, nyekundu nyumbani kwa mama. Katika wiki moja mtaa mzima ulikuwa unauimba bila kutaka, hata kinyozi.

Uwanja ulipofunguliwa watu walikuja kwa mashaka kidogo, kama wageni waliowahi mno. Walikaa juu ya kilima. Wakaanza kushuka ngazi moja, mbili. Baba mmoja dereva wa malori, ambaye watoto wake walimwona Jumapili tu, alitumia alasiri nzima akijenga na kubomoa bwawa kwenye mfereji, na binti yake akalazimika kumkumbusha kwamba wamechelewa. Mwenye nyumba ya mwisho aliyatoa matofali ya dirisha lake la nyuma, akauza maji ya matunda hapo. Mama Pacha alikuja na cherehani yake ya mkono, akaiweka kwenye benchi, akawa anapinda mapindo huku macho yakiwa kwa watoto. Hakushuka chini, wala hakuna aliyemwambia ashuke.

Mwezi wa saba mvua zilinyesha milimani siku nne mfululizo. Asubuhi ya siku ya tano maji yalikuwa yamefunika kijani. Kabla king'ora cha manispaa hakijalia, watoto walishapita mlango kwa mlango wakisema njano imeguswa, na watu wakaanza kupandisha magodoro juu ya meza, wakahamisha wazee na mifugo, bila makelele. Bwana Ukuta alifika mbio, shati limechomoka. Msanifu alikuwa ameshafika, amesimama juu ya kilima na mwavuli, na kando yake alikuwepo Mama Pacha.

Maji yalipita njano. Yakapita ngazi ya kwanza nyekundu, ya pili, ya tatu. Yalikuwa ya rangi ya kahawa, yamebeba magogo, yakinguruma. Bwana Ukuta alishuka upande wa mtaa akapiga magoti pale zege lilipokutana na udongo, akapapasa kwa viganja kutafuta unyevu. Palikuwa pakavu. Alipapasa tena. Mlango wa bawaba ulikuwa umejifunga wenyewe, umebana kama mdomo wa mtoto aliyekataa dawa. Aliporudi juu alimkuta Mama Pacha amemshika msanifu mkono, au msanifu ndiye aliyemshika, haikujulikana.

“Yamesimama,” Mama Pacha alisema. Alikuwa anahesabu ngazi. “Toka saa nne hayajapanda.”

Zilikuwa zimebaki ngazi mbili.

Maji yalikaa siku tatu yakashuka, yakaacha matope ya kufika kifundoni kwenye kila ngazi. Mtu asiyejua angesema uwanja umekwisha. Msanifu alikuja na mifagio na makoleo, akawaonyesha kwamba kila ngazi ina mwinamo mdogo kuelekea mtoni, hivyo tope likifagiliwa kutoka juu linarudi lenyewe lilikotoka. Familia sabini zilifagia. Kufikia saa tisa mawe yalikuwa yanaonekana, na watoto walikuwa wamegundua kwamba tope juu ya mtelezo huongeza mwendo mara tatu, jambo ambalo halikuwa kwenye mchoro wowote.

Si kila kitu kilipona. Miche kumi na miwili iliyopandwa ukingoni ilikwenda na maji, na shimo la mchanga la watoto wadogo likabaki shimo tu. Bwana Ukuta alimkuta msanifu akiandika hasara hizo kwenye daftari lake, moja moja, na mbele ya kila moja kosa lililokuwa lake mwenyewe: nilipanda karibu mno, niliweka chini mno. Wakubwa wa baraza walikuwa wamekuja kumpongeza na mpiga picha wao. Aliwaomba wasubiri amalize ukurasa.

Mwaka uliofuata Bwana Ukuta alistaafu. Upande wa juu wa mto, ukishazipita ngazi, palikuwa na kina kilichotulia, na mwalimu wa michezo alianza kufundisha kuogelea hapo asubuhi za Jumamosi, watoto kwanza, halafu yeyote anayetaka. Wa kwanza kujiandikisha upande wa watu wazima alikuwa mkewe, yule mfamasia. Alisema amekaa mita mia mbili kutoka mtoni kwa miaka thelathini na hajui hata kuelea, na kwamba aibu hiyo inamtosha.

Mumewe alimsindikiza kila Jumamosi, akakaa kwenye ngazi na mkoba wa mkewe magotini, taulo begani na miwani yake mfukoni. Alikuwa akitoa maelekezo kutoka hapo. Alimwambia anyooshe miguu, apumue kwa mpangilio, afikirie mkondo unakoelekea. Juma la tano mkewe alielea peke yake, mara ya kwanza, kwa pumzi kama kumi hivi, macho ameyafumba, maji yanamzunguka masikio.

Msanifu, aliyekuwa akipita na mabuti yake kukagua miche mipya, alisimama kutazama. Alimuuliza mzee kama na yeye ataingia lini.

Kabla hajajibu, mkewe alifumbua macho kule majini.

“Mwache kwanza, dada,” alisema, bado anaelea. “Anapiga hesabu.”